Siku Idefonsi Alipoitwa Uwanjani

Mikono yangu ilikuwa imejaa unga wa sambusa ujumbe ulipoingia kwenye simu, ndiyo maana nikamwomba Shangazi Zawadi anisomee. Laiti ningenawa kwanza.

Shangazi Zawadi ni mtu ambaye hata usingizini anaongea. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, na sijawahi kumwona amekosa neno la kusema. Asubuhi ile ya Jumamosi alisoma ujumbe wote kimya. Kisha akaiweka simu juu ya gunia la mchele, akaifunika kwa pindo la kanga yake.

"Idefonsi amefika Benaco?" nikamuuliza. "Amepata gari?"

"Nawa mikono, mwanangu."

"Shangazi, nakuuliza amefika wapi."

"Hajatoka."

Nilidhani ananitania, maana utani ndio chakula chake. Nikaifunua simu na kusoma mwenyewe, vidole vikiacha unga kwenye kioo.

*Aisha wangu, nisamehe. Sikupanda ndege. Yule mpigaji wa kwanza ameumia nyonga na daktari amemkataza kucheza. Kocha ameniita mimi. Mchezo ni leo. Waambie wazee waendelee tu, mwezi wa tano shule ikifungwa nitakuja. Nakupenda.*

Na wakati huohuo nikasikia sauti za wageni barazani. Wazee wa Idefonsi walikuwa wanavua viatu.

Watu wakisikia jina langu na la Idefonsi yakitajwa pamoja, kwanza hucheka, halafu huuliza. Mimi ni Mwanaisha binti Salum. Baba yangu anauza vitenge na magodoro hapa Biharamulo mjini, na babu yake alitoka Pangani na mzigo wa nguo akasema atarudi, hakurudi. Idefonsi Ndikuriyo ni wa Murukulazo kule Ngara, mtoto wa wakulima ambao wamekuwa Wakatoliki tangu kanisa lao lilipokuwa la nyasi. Tulijuana sekondari. Alipiga mpira wa adhabu siku moja, ukavuka goli, ukavuka uzio, ukatua kwenye sufuria la maharage jikoni kwa wanafunzi. Wenzangu walikasirika kwa sababu ya maharage. Mimi nilimwangalia yule kijana mrefu anayekuja kuomba radhi huku akiangalia vidole vya miguu yake, na habari yangu ikaishia hapo.

Mapadri walimtafutia nafasi ya kusomea kilimo Marekani. Alipofika kule akakuta mpira wao si mpira wetu. Wanaubeba mikononi, una umbo la papai changa, na wanavaa kofia ngumu kama waendesha bodaboda. Lakini kuna mtu mmoja kwenye timu ambaye kazi yake ni kuupiga kwa mguu tu, upite kati ya nguzo mbili. Idefonsi akajiona mwenyewe.

Sasa, kule wachezaji wa chuo huitwa. Kocha humfuata kijana mpaka kwao, hukaa na wazazi wake, humwahidi chumba na chakula na ada. Karibu kama posa, nilimwambia, akacheka sana. Yeye hakuna aliyemfuata. Alijipeleka mwenyewe asubuhi ya baridi, akasema najua kupiga. Wakamwambia sawa, ukitaka kaa, lakini hatukuahidi kitu. Akakaa. Akawa anaamka kabla ya wenzake, anafanya mazoezi nao, na siku ya mchezo anasimama pembeni na jezi safi isiyo na hata tone la tope.

"Kwa hiyo umekwenda mpaka Marekani kusimama?" nilikuwa namchokoza kwenye simu.

"Nasimama nikikuwaza wewe."

"Basi simama vizuri."

Alisimama misimu miwili. Na mimi huku nikamsimamia Baba kooni mpaka akalainika. Haikuwa rahisi, kwa sababu alikuwepo Taufiki, yule mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale stendi, ambaye watu wake walikwisha kuuliza habari zangu. Taufiki ni mtu mzuri, na hilo ndilo lililonisumbua. Angekuwa mlevi au mkorofi ningepumua.

Mwisho Baba alisema, "Nitamsikiliza huyo wa Murukulazo. Lakini nina sharti moja tu. Aje mwenyewe. Habari ya dini sitaisikia kwa mjomba wala kwa simu. Akae hapo mbele yangu, aseme kwa mdomo wake kama atasilimu au hatasilimu, nimwangalie machoni. Alhamisi."

Idefonsi alikuwa ashuke Kigali Jumatano, avuke mpaka wa Rusumo, alale Biharamulo na wazee wake. Jumanne akapiga kusema kuna tatizo dogo la safari, nimwombe Baba asogeze mpaka Jumamosi. Nikaomba. Baba akanuna, akakubali. Baada ya hapo simu ya Idefonsi haikupatikana tena, na sisi sote, wazee wake na mimi, tukafurahi. Tulijua yuko angani.

Sasa nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la sebuleni, Shangazi amenishika kifundo cha mkono, tukichungulia.

Walikuwa wawili. Mzee Frednand, baba yake mdogo Idefonsi, amevaa koti ambalo ungejua limetoka sandukuni kwa harufu ya dawa ya nondo. Na mama yake, Adelfina, mwembamba, ameketi ukingoni mwa kiti kana kwamba anaogopa kukichafua. Kati yao, juu ya zulia la Baba, kilisimama kibuyu kikubwa cheusi, shingo imezibwa kwa majani ya mgomba.

"Shangazi," nikanong'ona, "kile nini?"

"Nami naona kama wewe."

Baba alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi na kofia. Alikiangalia kibuyu, akakiangalia kiti kitupu kilichowekwa mbele yake, akarudi kwa kibuyu.

"Karibuni sana," alisema. "Tumengoja, tumefurahi kuwaona."

"Ahsante, Mzee Salum," Frednand akajibu. "Kwetu mtu haongei habari za binti na mdomo mkavu. Kuja mikono mitupu ni kusema huyo binti ni wa kuokota njiani. Lakini tunajua nyumba tuliyoingia. Hatukuleta rubisi. Huu ni mutobe, maji ya ndizi matupu, hata mtoto anayenyonya anapewa. Shemeji yangu huyu ameukamua kwa mikono yake."

"Mwenyezi Mungu awalipe," Baba alisema, na nikaona mabega yake yameshuka kidogo. Alipenda. Mimi namjua baba yangu, alipenda kwamba wamefikiri.

"Mimi nilitaka kuleta kwenye dumu," Adelfina alisema kwa sauti ndogo.

"Dumu lililobeba mafuta ya taa!" Frednand akamgeukia. "Binti wa watu aposwe kwa dumu? Hiki ni kibuyu cha ukoo, Mzee. Bibi yetu aliposwa nacho, mama yetu aliposwa nacho, na huyu shemeji yangu pia."

Mimi si Mhangaza kama wao, lakini nimekaa na Wahangaza na Wasubi maisha yangu yote, nikaelewa jambo ambalo Frednand kwa mapenzi yake yote hakuliona. Kibuyu kilichobeba rubisi, pombe ya ndizi, tangu enzi za bibi kimekunywa rubisi mpaka kwenye mfupa. Ukitia ndani yake maji matamu ya ndizi, ukayanywa siku hiyohiyo au kesho yake, hakuna neno. Mutobe ulikamuliwa Jumatano kwa ajili ya Alhamisi, kabla habari ya kusogezwa haijafika Murukulazo. Leo ilikuwa Jumamosi.

"Anayeleta huonja kwanza," Frednand akasema, "mwenyeji asije akadhani amewekewa kitu."

Akashika majani ya mgomba. Hakuyavuta. Yaliruka yenyewe, pu! yakagonga ukuta chini ya saa, na povu jeupe likapanda shingoni, likamwagika juu ya mikono yake, juu ya koti la sandukuni, juu ya zulia. Harufu ikafika mpaka kwetu nyuma ya pazia. Hakuna mtu wa mkoa huu asiyeijua harufu ile.

"Yarabi," Shangazi alisema.

Frednand alikuwa na bakuli mkononi. Angeweza kuliweka chini. Badala yake alikinga povu, akaonja, akameza, akakaa na bakuli tupu akiliangalia. Mpaka leo namheshimu kwa alichosema.

"Mzee Salum, sitakudanganya ndani ya nyumba yako. Huu si mutobe tena. Umegeuka."

Adelfina akafunika uso kwa kitenge. "Niliukamua Jumatano, Mzee. Ulikuwa mtamu, naapa kwa Mama Maria. Tulimsubili mtoto. Kila siku tunasema atafika, tunamsubili."

Nilitegemea Baba angesimama. Mimi ningekuwa Baba, ningesimama. Lakini alikunja pindo la kanzu lisiguse povu, akasema kwa upole ambao ulinichoma kuliko kelele:

"Mama Idefonsi, usilie. Sijatukanwa. Joto ni joto na ndizi ni ndizi. Zulia litafuliwa. Niambieni kitu kimoja tu, kijana yuko wapi?"

"Yuko njiani, Mzee," Frednand alisema. "Ndege za siku hizi zina mambo. Tukikaa kidogo atabisha hodi."

Aliamini. Na mama yake aliamini, alikuwa ameshusha kitenge na kuangalia mlangoni.

Nikajaribu kuutoa mkono wangu. Shangazi akaukaza. "Usithubutu. Msichana anayeposwa haingii sebuleni."

"Wataketi pale mpaka jioni, Shangazi. Wataketi wanaangalia mlango."

Akaniachia. Nikapita pazia na unga wangu mikononi.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwana wanje," Adelfina alijibu, akiniita mwanangu kwa Kihangaza, na uso wake ukajaribu kutabasamu.

"Baba, haji," nikasema. "Hajapanda ndege. Timu yake imemwita. Nimepata ujumbe sasa hivi."

"Imemwita kufanya nini?"

"Kupiga mpira."

Frednand alisema jambo kwa Kihangaza, polepole, si tusi wala sala. Baba aliniangalia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimeshindwa.

"Hata mimi nilimwita, Mwanaisha," alisema.

Hawakukaa kula. Sambusa zangu zilikaangwa zikaliwa na majirani. Adelfina alinishika mashavu kwa viganja vyake vyenye kunata utamu wa ndizi, akaenda kuvaa viatu. Frednand alikibeba kibuyu mpaka nje ya lango na kukimimina chote kwenye mtaro, kwa sababu kwao kinywaji cha kuposea hakirudi nyumbani. Kuku walikusanyika. Nikaona aibu kwa niaba yake, mzee mzima ameinama mtaani, na watu wanaotoka sokoni wanapunguza mwendo waangalie.

Jumapili asubuhi nilikwenda kufungua duka mapema ili nisikae nyumbani na harufu ya zulia. Sikuwa nimefungua hata mlango wa pili simu ikaita.

"Aisha! Ilipita!"

Nyuma yake palikuwa na kelele za watu wengi, kama harusi.

"Idefonsi."

"Ilipita, Aisha! Nilisimama mchezo mzima, theluji inanyesha, sizisikii nyayo zangu. Nikasema hawatanihitaji, nimekosa safari yangu bure. Halafu dakika za mwisho kocha akaninyooshea kidole. Nikapiga mara moja. Moja tu! Ikapita katikati. Wakanibeba, Aisha. Misimu miwili hawajui jina langu, wananiita 'wewe' tu. Leo wanaliimba. Unawasikia?"

Niliwasikia. Walikuwa wanalitamka vibaya.

"Nawasikia," nikasema. "Hongera, mpenzi wangu."

Na niliifurahia furaha yake kwelikweli, hilo ndilo lililoniumiza. Nilimwona amebebwa, yule aliyeangalia vidole vyake kwenye maharage yetu, na moyo wangu ukapiga kigelegele huku machozi yananitoka.

"Kocha amesema mwakani watanihesabu na wale walioitwa," aliendelea. "Chumba, chakula, ada, kila kitu. Mapadri wapumzike. Naweza hata... Aisha? Mbona kimya? Wazee wamesemaje?"

Nikamwambia. Sikupunguza wala kuongeza. Kiti, kibuyu, povu, mama yake na kitenge usoni. Kelele za nyuma zikawa zinafifia, nadhani alikuwa anatembea kuzikimbia, mpaka nikasikia pumzi yake peke yake.

"Mimi ndiye niliyemwambia mama akamue mutobe," alisema. "Nilitaka baba yako anywe kitu cha kwetu."

"Angekunywa. Alhamisi angekunywa."

"Nitampigia sasa hivi."

"Baba hakutaka simu. Kwa nini hukuniambia Jumanne?"

"Nilidhani yule mwenzangu atapona. Nilidhani nitawahi vyote viwili. Halafu nikaona haya, nikaizima simu. Nakuja, Aisha. Kesho napanda ndege. Nitampigia magoti barazani."

"Jumamosi ijayo mna mchezo?"

Nilisikia viatu vyake vikikanyaga theluji.

"Nimekuuliza, Idefonsi. Mmeshinda. Mnaendelea?"

"Tunaendelea."

"Na mpigaji mwingine wanaye?"

Nilimngoja. Nilisimama katikati ya magodoro ya Baba nikiwa nimefumba macho, nikimwomba Mungu wa msikitini na Mungu wa Murukulazo, wote wawili, kwamba aseme neno moja, aseme hata kama ni uongo. Lori lilipita barabarani likaenda zake.

"Hawana," alisema. "Aisha, nikiondoka sasa mimi ni yule aliyejipeleka tu. Watanisahau kabla ndege haijaruka. Ni mchezo mmoja."

"Hata wa jana ulikuwa mmoja."

"Unataka niache? Sema niache, naacha. Wallahi naacha."

Aliapa kwa kiapo chetu, masikini, bila kujua amefanya hivyo. Ningesema acha, angeacha. Angekuja na sanduku lake, angepiga magoti, na Baba huenda angemwinua. Halafu kila tukigombana kwa chumvi kuzidi kwenye mboga, angenyamaza, na mimi ningesikia wale watu wanamwimba.

"Usiache," nikasema. "Umesimama pembeni miaka yote hiyo, na sasa wamekuita. Nenda. Lakini na mimi nimesimama, Idefonsi. Nimesimama huku kwetu watu wananipita. Nani ananiita mimi?"

"Mimi nakuita! Nakuita kila siku!"

"Kwa simu."

Akalia. Mwanamume analia kwenye theluji ya watu, na mimi namsikiliza kama anayesikiliza mvua ya jirani. Nilimwambia ampigie mama yake, maana mama yake hakulala. Nilimwambia avae soksi mbili Jumamosi. Nikamwambia nampenda, kwa sababu nilikuwa nampenda na sikuona sababu ya kuficha. Kisha nikakata kabla hajasema kwaheri.

Baba alinikuta nimekaa juu ya godoro, mlango wa pili bado umefungwa. Hakuuliza nani kapiga. Alikaa godoro la pili yake, miguu yake haikufika chini vizuri, akaanza kuhesabu tasbihi yake kwa kidole gumba.

"Jana sikulala," alisema baadaye. "Nimemfikiria yule mama. Kama kijana atakuja mwezi wa tano, nadhani naweza..."

"Baba. Watu wa Taufiki waambie waje Ijumaa."

Kidole chake kikasimama.

"Unampenda Taufiki?"

"Hapana."

"Basi unakimbilia nini? Mimi sijakufukuza. Nilisema aje mwenyewe, sikusema hutaolewa naye. Mwezi wa tano si mbali, mwanangu."

Nilimwangalia baba yangu. Siku zote nilidhani ndiye ukuta, na sasa ukuta ulikuwa unanifungulia mlango. Ndipo nilipolia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Taufiki ukimwambia Ijumaa, Baba," nikasema, "Ijumaa atakuja."

Baba alivua kofia yake akaishika mapajani, akainamisha kichwa. Nilimwacha hapo. Nikafungua mlango wa pili na kuanza kutundika vitenge, maana wateja wa Jumapili walikuwa wameshaanza kupita.